Ife na Modakeke: mwenyeji ni nani?

Modakeke, kusini magharibi mwa Nigeria, imeshikana na Ile-Ife kiasi kwamba mpita njia hajui amevuka mpaka saa ngapi. Wote ni Wayoruba. Hata hivyo waliuana mwaka 1981, wakauana tena kuanzia 1997 hadi 2000, safari hiyo wakigombea mahali pa kuweka makao makuu ya halmashauri ya Ife Mashariki.

Hoja ya Ife ni rahisi kuielewa. Dola ya Oyo ilipoporomoka miaka ya 1830, wakimbizi walimiminika kusini na Ife ikawapokea. Baadaye Ooni Abeweila, mfalme wa Ife, akawatengea makazi yao nje ya kuta za mji. Jembe walipewa, shamba hapana: aliyelima alitoa isakole, sehemu ya mavuno ya kumtambua mwenye ardhi. Zamani yalitosha mazao ya chakula kama viazi vikuu. Kakao ilipoanza kuleta fedha, wenye ardhi wakaidai kakao.

Modakeke hujibu kwamba msitu waliufyeka babu zao, na kwamba sheria ya mwaka 1978 iliikabidhi ardhi ya jimbo kwa gavana. Isakole ya nini tena? Na kila upande una kidonda chake. Ife hawajasahau kwamba mji wao uliangushwa mwaka 1849 na tena 1882. Modakeke hawajasahau 1909, walipovunjiwa mji na wengi wao kuhamia Ode-Omu.

Kuhusu nani alimkaribisha nani, naona Ife wana haki. Ila kumwita mgeni mtu ambaye babu wa babu yake alizaliwa hapo ni kuzidisha, hasa kwa Ife. Masimulizi yao mengine humleta Oduduwa, baba wa wafalme wa Kiyoruba, kutoka mashariki, akawakuta watu wa Obatala na kuwapokonya utawala. Kwa simulizi hilo, kiti cha Ooni kilianzishwa na mgeni.

Modakeke wasilishangilie mno. Kama nguvu huzaa haki, basi hata 1909 ilikuwa halali.

Kosa la 1997 lilikuwa kuchanganya madai mawili. Isakole ni deni la shamba, na mahakama inaweza kulipima shamba kwa shamba. Ofisi ya halmashauri ni ya wakazi wote, awe mwenye ardhi au mpangaji.