Dawa ya Takahashi inawahusu watoto kuliko vibogoyo

Septemba 2024, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilianza kujaribu kwa binadamu kingamwili (protini inayonasa na kuzuia protini nyingine) iliyozaliwa na utafiti wa Katsu Takahashi, mkuu wa idara ya meno na upasuaji wa kinywa katika Hospitali ya Kitano, Osaka. Jaribio lilipangwa kuwa na wanaume 30 wenye afya, wa miaka 30 hadi 64, kila mmoja akikosa angalau jino moja. Habari zikasambaa kwamba dawa ya kuotesha meno imepatikana, na wengi wakaelewa kuwa mtu aliyeng'olewa gego lililooza ataota jingine. Hilo utafiti wenyewe haujalionyesha.

Jino huanza mapema sana. Kwenye wiki ya 6 ya mimba, utando wa kinywa hunenepa ukawa ukanda, na ukanda huo hutoa machipukizi yanayozama ndani ya taya. Chipukizi hupita hatua ya kofia, kisha ya kengele, ambapo umbo la taji hupangwa: seli za upande mmoja zitatengeneza enameli, ganda gumu la nje la jino, za upande wa pili dentini iliyo chini yake. Tabaka hizo mbili hupeana ishara kwa protini, zikiwemo BMP na Wnt. Protini iitwayo USAG-1 huzizuia ishara hizo. Mwaka 2007 kundi la Kyoto lilionyesha kwamba panya wasio na jeni ya USAG-1 huota meno ya ziada, kwa sababu chipukizi ambalo kwa kawaida hufa linaendelea kukua.

Matokeo ya 2021 ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Watafiti walijaribu kingamwili kadhaa dhidi ya USAG-1. Baadhi zilipunguza idadi ya panya waliozaliwa na kuishi, jambo lisiloshangaza, kwani BMP na Wnt hujenga mwili mzima. Iliyofaa ni ile iliyogusa uhusiano wa USAG-1 na BMP peke yake: dozi moja ilitosha kurudisha jino kwa panya waliozaliwa na upungufu wa meno. Fereti, wanyama wadogo walao nyama, pia waliota jino la ziada. Hapo ndipo uzito ulipo, maana panya hana meno ya utotoni yanayobadilishwa; fereti anayo, kama sisi.

Kwa mtoto aliyezaliwa bila meno 6 au zaidi, hali inayompata takribani mtu 1 kati ya 1,000, tiba zilizopo ni duni. Skrubu ya titani inayoshikilia jino la bandia hugandana na mfupa na haisogei. Taya likiendelea kukua, jino hilo hubaki chini ya mstari wa wenzake, kwa hiyo husubiriwa hadi ukuaji ukome, mara nyingi karibu miaka 18. Meno ya bandia ya kuvaa lazima yabadilishwe kila taya linapokua, na pale pasipo na jino mfupa wa fizi haujengeki vizuri. Chipukizi lililokwama likiamshwa, jino huja na mfupa wake.

Pingamizi kubwa ni wakati. Huko Erlangen, Ujerumani, kundi la Holm Schneider liliripoti mwaka 2018 kuhusu watoto watatu wa kiume wenye kasoro ya jeni ya EDA, ambayo huharibu tezi za jasho na meno. Walipewa protini waliyoikosa kupitia maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 26 ya mimba, na wakazaliwa wakiweza kutoa jasho. Waliotibiwa baada ya kuzaliwa katika jaribio la awali hawakupata faida hiyo. Mlango wa tezi za jasho hufungwa mapema.

Meno yana nafasi pana kidogo. Chipukizi la gego la pili la kudumu huanza karibu na mwaka wa kwanza wa maisha, na la gego la mwisho kwenye miaka 4 hadi 5. Ndiyo maana mpango wa Takahashi wa kuendelea na watoto wa miaka 2 hadi 7 wanaokosa meno kuanzia 4 una mantiki. Kwa mtu wa miaka 50, hoja inategemea dhana kwamba binadamu hubaki na mabaki ya seti ya tatu ya meno. Dhana hiyo inavutia, lakini mimi naiona dhaifu mno kubebeshwa matumaini ya mamilioni.

Hatari nazo ni halisi. Dawa huingia kwa mshipa na kuzunguka mwili wote, na USAG-1 inapatikana pia kwenye figo. Jino likiota, hakuna anayeliamuru likae wapi: linaweza kukwama ndani ya mfupa au kula mzizi wa jirani yake. Tena, usalama kwa wanaume wazima hautoshi kuthibitisha usalama kwa mtoto wa miaka 3 ambaye viungo vyake bado vinakua.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina sura yake. Wapo watoto wachanga wanaochimbwa fizi kwa madai ya "meno ya plastiki", wakati kinachotolewa ni chipukizi la chonge la utotoni, na mara nyingine la kudumu lililo jirani huharibika. Kingamwili huondoa kizuizi kwa chipukizi lililopo. Palipong'olewa lote, hakuna ushahidi kwamba itaunda jipya. Kwa hiyo jaribio la watoto likianza, cha kutazama kwanza ni picha ya eksirei kabla ya dozi: machipukizi mangapi yalikuwapo, na ni yapi kati ya hayo yaliyopata mzizi kamili.