Fleti zikidoda, punguzo la bei limuume nani?

Mwezi Februari 2011, mwaka mmoja baada ya wanariadha wa Olimpiki ya majira ya baridi kufunga mizigo na kuondoka Vancouver, Kanada, kijiji walicholala kilirudishwa sokoni kwa jina jipya na bei mpya. Ni majengo ya fleti kando ya maji ya False Creek, ng'ambo tu ya katikati ya jiji. Fleti 230 zilitangazwa kwa bei iliyoshushwa kwa wastani wa asilimia 30, na aliyezinadi alikuwa Bob Rennie, dalali mwenye jina kubwa kabisa katika biashara ya fleti jijini humo. Wanunuzi wapya walipanga foleni. Makumi ya walionunua mapema walikwenda mahakamani wakitaka mikataba yao ivunjwe na fedha zao zirudishwe, wakilalamikia kasoro za ujenzi. Sina sababu ya kudai kwamba kasoro hizo walizibuni. Lakini nadhani bei ya jirani mpya iliwachoma kuliko ufa wowote ukutani.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, na kwa sababu mwenye mali hakuwa tajiri wa kuchukiwa bila kufikiri. Jiji liliiuzia ardhi kampuni ya Millennium mwaka 2006. Mkopo wa ujenzi ulitoka kwa Fortress, kampuni ya uwekezaji ya New York. Mwaka 2008 fedha zikakauka duniani, Fortress ikafunga mkoba, na michezo ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na ushei. Mwanzoni mwa 2009 jiji likaubeba mkopo wenyewe. Fleti zilipofunguliwa kwa wanunuzi mwaka 2010 zikadoda, na Novemba mwaka huo mradi ukawekwa chini ya usimamizi wa kampuni ya uhasibu ya Ernst & Young kwa niaba ya mdai. Mdai alikuwa jiji. Kwa hiyo kila fleti iliyolala gizani ilikuwa ikiwalia riba wakazi ambao wengi wao wasingeweza kununua hata choo chake.

Hapo ndipo hoja ya muuzaji inapoanzia: fleti tupu inakula. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa shilingi za Kenya. Jengo limebakiwa na fleti 40, kila moja imeandikwa milioni 10. Nyuma yake kuna deni la milioni 300 kwa riba ya asilimia 15. Riba peke yake ni milioni 45 kwa mwaka, yaani zaidi ya milioni moja kwa kila fleti. Anayekataa kushusha bei kwa asilimia 20 leo, akasubiri miaka miwili kwa matumaini, atakuwa ameilipa benki zaidi ya ule mwanya aliouogopa, na fleti bado ni tupu. Ongeza askari wa getini, lifti zinazohitaji fundi, na ada ya huduma ya kila fleti isiyo na mtu, ambayo mwenye jengo ndiye anayepaswa kuilipa. Asipoilipa, wachache waliohamia ndio watakaopanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na mbili na mitungi ya maji mabegani.

Wapinzani wa punguzo mara nyingi huisahau hii ya mwisho. Wanasema bei ikishuka hadhi ya jengo inashuka. Mimi naona jengo lenye taa tatu tu usiku lilishapoteza hadhi hiyo kabla ya tangazo lolote.

Tuje kwa waliotangulia. Watetezi wa muuzaji hupenda kusema kwamba soko ni soko, na wakiwa Nairobi watakupeleka Gikomba. Belo la mitumba likifunguliwa alfajiri, wanaowahi hulipa ghali kwa ajili ya kamera, nguo safi za kuchagua kwanza. Ikifika jioni inabaki fagia, yaani masalia, na bei yake ni ya kufagia kweli. Hakuna aliyewahi kurudi na shati lake la asubuhi kudai nyongeza kwa sababu saa kumi mashati yaliuzwa kwa bei ya chini. Aliwahi, akachagua, akalipia uchaguzi huo. Na kweli, anayewahi fleti huchukua ile ya pembeni yenye upepo na mandhari, huku anayechelewa akiachiwa inayotazama tangi la maji.

Ulinganisho huu ni mzuri, lakini unafika mahali unakatika. Shati halinunuliwi kwa mkopo wa miaka ishirini, na bei ya fagia haibadilishi thamani ya shati ulilolivaa. Fleti ni tofauti: mthamini wa benki akija kupima yako, kitu cha kwanza anachouliza ni ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani. Chukua tena ile ya milioni 10. Mnunuzi ametoa milioni mbili mfukoni na kukopa nane. Muuzaji yuleyule, katika jengo lilelile, akishusha bei kwa asilimia 30, fleti sasa ina thamani ya milioni saba na deni linakaribia nane. Hawezi kuiuza akamaliza deni, na hawezi kukopea tena. Akipoteza kazi au akitaka kuhamia mji mwingine, amefungwa. Huyu hakuchelewa wala hakuzembea. Kosa lake ni kumwamini muuzaji mapema, na ni fedha zake na za wenzake zilizoufanya mradi uonekane unatembea.

Ndiyo maana njia iliyofuatwa Las Vegas inanivutia zaidi kuliko ya Vancouver. Oktoba 2009, bei za nyumba katika mji ule zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya nusu kutoka kilele chake, na MGM Mirage pamoja na mshirika wake Dubai World walikuwa wanakaribia kufungua CityCenter, mradi mkubwa wa hoteli, kasino na minara ya fleti. Mamia ya watu walikuwa wamesaini mikataba na kuweka arubuni miaka ya neema. Kampuni ikatangaza punguzo la asilimia 30 kwa hao hao, waliokwisha kusaini. Sioni huruma hapo, na si lazima iwepo. Ilikuwa hesabu: mtu ambaye hajakamilisha malipo anaweza kuacha arubuni yake akaondoka, na fleti ikamrudia muuzaji mikononi wakati ambapo hakuna anayeitaka. Wapo ambao hata punguzo hilo halikuwatosha, wakataka fedha zao zote. Lakini angalau waliotangulia hawakufanywa ngazi ya waliochelewa.

Tofauti ya kisheria ni kubwa, na ni vizuri kuikubali. Aliyekwisha kulipa na kupewa hati amenunua kitu kwa bei aliyoikubali, na mkataba wa kawaida hauahidi kwamba thamani haitashuka. Bei ingepanda mara mbili asingempelekea muuzaji nusu ya faida. Kwa huyu, nadhani hoja ya muuzaji inashinda, hata kama inauma. Aliyesaini na bado analipa ni mtu mwingine kabisa.

Na mtu huyo ndiye mnunuzi wa kawaida wa Nairobi. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba katika benki zote za Kenya ilikuwa takriban 30,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Nyumba nyingi hazinunuliwi kwa mkopo wa aina hiyo. Zinanunuliwa kwa akiba, kwa chama cha kuchangiana, kwa sacco, kwa fedha kutoka kwa ndugu aliye Doha au Minnesota, na mara nyingi kwa awamu zinazolipwa jengo likiwa bado ni shimo. Mnunuzi wa awamu akisikia kwamba fleti ya ghorofa ya juu yake imetolewa kwa robo tatu ya bei, awamu inayofuata itachelewa. Wakichelewa ishirini, saruji haifiki. Huku kwetu punguzo linaloelekezwa kwa wapya tu linaweza kuusimamisha ujenzi uliokusudiwa kuokolewa.

Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hawashushi bei. Wanashusha kila kitu kingine. Binamu yangu alipokwenda kuangalia fleti Kilimani, dalali alimwambia kwa uso mkavu, "Dada, bei yetu haishuki. Lakini makabati ya jikoni tunakupa, maegesho ya pili tunakupa, na ushuru wa stempu tunalipa sisi." Ushuru huo mijini ni asilimia nne. Ukijumlisha na makabati na maegesho, bei ilikuwa imeshuka vizuri tu. Iliyokataa kushuka ni ile iliyoandikwa. Binamu yangu alitoka akicheka, maana hana hata gari moja.

Mtindo huu unawalinda waliotangulia kwa macho tu. Mkataba unasema milioni 10, benki inathamini kwa milioni 10, mnunuzi wa baadaye anaonyeshwa milioni 10, na hakuna anayejua soko lilipo hadi siku mtu mwenye shida anapotaka kuuza haraka. Dar es Salaam kulikuwa na namna yake: fleti za hadhi ya juu kuandikwa bei kwa dola. Kati ya mwanzo wa 2023 na katikati ya 2024 dola ilipanda kutoka shilingi 2,300 hivi hadi kuikaribia 2,700, kwa hiyo bei "isiyobadilika" ilikuwa inampandia anayelipwa kwa shilingi wakati uleule fleti zikimsubiri. Kanuni za mwaka 2025 zilizokataza kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania zimewalazimisha wauzaji kuandika tarakimu ambayo mteja anaweza kuilinganisha na mshahara wake.

China walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021, miji kadhaa ilizuia kabisa bei kushushwa mno. Yueyang, kwa mfano, ilikataza nyumba mpya kuuzwa chini ya asilimia 85 ya bei iliyosajiliwa. Naelewa woga wa viongozi hao: wanunuzi wenye hasira walishawahi kuvamia ofisi za mauzo Shanghai mwaka 2011 baada ya punguzo. Lakini bei ikizuiwa kwa amri, kinachosimama ni mauzo. Deni halizuiliki.

Kwa hiyo ningekuwa na jengo lililododa ningeshusha bei mara moja, hadharani, kwa kiasi kinachotosha kumfanya mtu ainuke kwenye kiti, badala ya kudondosha asilimia tatu kila robo mwaka na kumfundisha kila mteja kusubiri. Ningewapa punguzo lilelile wote ambao bado wanalipa. Na nisingemwaga fleti zote sokoni siku moja. Vancouver walitoa 230 na kupangisha sehemu ya zilizobaki mpaka soko lipumue. Ningekuwa mnunuzi, ningetaka kipengele kimoja kwenye mkataba kabla ya kutoa senti: muuzaji akishusha bei ya fleti ya aina yangu kabla sijamaliza kulipa, yangu ishuke pia. Atakayekataa kukiandika amekwisha kunijibu.

Jiji la Vancouver liliuza fleti 67 za mwisho Aprili 2014 kwa kampuni ya Aquilini, kwa dola za Kanada milioni 91, na meya Gregor Robertson akatangaza kwamba deni lote la milioni 690 limerudi. Wakosoaji walikuwa na swali moja. Millennium ilikubali kuilipia ardhi ile milioni 193, na ilikuwa imetoa milioni 29 tu pale mambo yalipoharibika. Ardhi hiyo ilikuwa mali ya wakazi, na salio lake halikuwemo katika deni lililotangazwa kumalizika.