Msimamizi wa Mashauri na Mpaka wa Masale

Kosa lilianzia kwenye kitambulisho. Aliyekitengeneza aliandika "Msimamizi wa Mashauri" kwa herufi kubwa, nafasi ikamwishia, na yale maneno muhimu, yaani "ya watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu", yakashuka chini kwa herufi ambazo hata mimi mwenyewe huzisoma kwa kukisia. Tangu siku hiyo, kila ninapopanda Kibosho au Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kufuatilia mtoto, wazee hunipokea kama hakimu wa ardhi, na kabla sijapewa kigoda nimeshapelekwa shambani kuonyeshwa mahali ambapo jirani ameng'oa masale na kuyapanda upya hatua mbili ndani ya kihamba (shamba la ukoo) cha mwenzake. Kwa asiyeyajua mambo ya Uchagani, isale ni mmea wa mpaka, na jani lake ndilo analolibeba mtu anapokwenda kuomba msamaha, kwa hiyo mmea huohuo mmoja huanzisha ugomvi na kuumaliza.

Kazi yangu halisi ni kumtafuta mtoto asiyepelekwa shule kwa sababu ya ulemavu, kumfikisha kwenye upimaji, kumwombea nafasi, kisha kurudi kila baada ya wiki chache kuhakikisha kwamba bado yumo darasani. Nilipomweleza hivyo mzee mmoja wa Kiboriloni, alinitazama kwa huruma na kusema, "Kwa hiyo mwanangu unalipwa kuuliza kama watoto hawajambo."

Fomu yetu ilibuniwa na mtu ambaye ninaamini hajawahi kukutana na mtoto. Ina kisanduku cha usonji, cha uziwi, cha uoni hafifu na cha mtindio wa ubongo, na inaagiza tiki moja tu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye pia haoni vizuri huikwamisha kompyuta ya ofisi, na ofisi hunirudisha nikaulize familia ulemavu wake ni upi hasa. Hebu panda wewe mlima huo mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameugeuza udongo kuwa sabuni, bodaboda akiwa amekushusha nusu ya njia kwa madai kwamba pikipiki ni ya tajiri, halafu umwombe mama wa watu achague.

Shuleni nako ninakwenda na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo nakala yangu imekunjwakunjwa hadi inafanana na karatasi ya kufungia maandazi. Mwalimu mkuu huisikiliza kwa adabu, kisha hunifungulia mlango wa darasa lenye watoto tisini na kuniuliza huyo wa tisini na moja nitamkalisha wapi. Nikiuliza alipo mwalimu wake pekee aliyesomea elimu maalumu, tena kule Chuo cha Patandi, Tengeru, ninaambiwa kwamba yuko darasa la saba akifundisha Hisabati, maana mtihani wa taifa hausubiri.

Lakini hakuna aliyenichosha kama bibi mmoja wa Uru. Mara ya kwanza aliniitikia shikamoo yangu na kuniapia kwamba anaishi na ng'ombe na kuku tu, na wakati akiapa, dirishani nyuma yake kijana wa miaka tisa alikuwa akihesabu vifungo vya shati langu kwa sauti: "Vitano. Cha sita hakipo." (Ni kweli, hakikuwepo.) Nisimlaumu bibi peke yake, kwani uliposambaa uvumi kwamba ninaleta viti mwendo, nyumba zilizokuwa zimeapa hivyohivyo zilinitolea watoto kwa mkupuo, wawili kati yao ikibidi kwanza washuke juu ya mparachichi.

Nilirudi kwa bibi huyo mara nne. Mara ya nne alinikaribisha bakuli la mtori na kuweka sharti: "Baba, nimalizie kwanza shauri langu la mpaka, mtoto utampata." Nilimweleza kwamba mimi si wa mashauri hayo. Akanionyesha kitambulisho changu.

Basi tukaenda shambani, mimi, bibi, na jirani yake aliyekuja na panga akidai kwamba alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Bibi alieleza kwa uchungu jinsi jirani alivyoyahamisha masale usiku, jirani akaapa kwa kaburi la baba yake, nami nikasimama katikati nikitikisa kichwa kwa upande wowote uliokuwa ukisema. Kijana alikuwa ametufuata. Aliipita ile mimea mmoja mmoja, akiigusa kwa kidole, hadi alipofika mwisho.

"Saba," alisema. "Bibi aliihamisha Jumamosi. Kwa jembe la babu. Jembe liko chini ya kitanda."

Jirani alichuchumaa kwenye migomba akicheka hadi panga likamwanguka. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akajifunga kanga upya, kisha akanigeukia.

"Hiyo shule yako," aliuliza, "kesho wanaanza saa ngapi?"