Karatasi Isiyojua Kwao

Mwenyekiti alisoma, "Mahema, sita." Mweka hazina akainua kichwa. "Sita yapi, Mzee? Kwangu ni manne." Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, naye alikuwa na mahema matano, pamoja na mstari wa keki ambao sisi wengine hatukuwa nao kabisa. Karatasi tatu, zote zimeandikwa juu kwa herufi kubwa BAJETI YA HARUSI, fonti moja, jedwali moja, na zote nilizichapa mimi, katibu wa kamati.

Anayeijua mikutano ya harusi ya Kampala anajua maana yake. Watu wametoka kazini, wamekuja kutoa ahadi, kila mmoja ana safari ya kurudi nyumbani. Ukiwapotezea nusu saa wakibishana karatasi ya nani ndiyo ya kweli, ahadi zinaanza kutoka mlangoni moja moja. Usiku ule zilitoka.

Kosa halikuwa la mwenyekiti wala la shangazi. Lilikuwa langu, nami najipatia riziki kwa kuchapa karatasi za watu huku Wandegeya, mikataba, tasnifu, barua za kuomba kazi. Tangu siku ile, karatasi haitoki kwenye printa yangu bila mstari mdogo chini kabisa: jina la faili, siku na saa lilipohifadhiwa mara ya mwisho, ukurasa wa ngapi kati ya ngapi. Naona kila ofisi, chama na kamati ingefanya hivyo. Na mstari huo uandikwe na kompyuta, siyo mtu.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa wa enzi za taipureta, na wenzake wangetucheka. Barua zao zilikuwa na namba ya kumbukumbu juu, na pale chini kushoto herufi za kwanza za jina la mkubwa aliyeitunga, mkwaju, kisha za aliyeichapa. Ukiokota barua hiyo sakafuni baada ya miaka kumi, ungejua uirudishe jalada gani na umuulize nani. Sisi tumepata mashine zinazojua kila kitu kuhusu faili, halafu tunatoa karatasi zisizojua kwao.

Basi tuingie jikoni. Katika Word, bofya mara mbili chini ya ukurasa, kijachini kitafunguka. (Vijana wangu dukani hukiita "futa", kutoka Kiingereza footer. Ukimwambia mtu "weka jina kwenye futa", usishangae akikufutia kazi.) Juu kutatokea kitufe cha Document Info, na ndani yake File Name. Bofya, jina la faili linakaa. Linaonekana kama maandishi ya kawaida lakini ni fildi, yaani tundu ambalo kompyuta inalijaza yenyewe. Ukilibofya linageuka kijivu. Wanaotumia LibreOffice Writer wabonyeze Ctrl na F2 wakiwa ndani ya kijachini, wachague File name, na wasiweke tiki kwenye Fixed content, maana tiki hiyo inaligandisha jina.

Jina peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Zile bajeti tatu za harusi zilikuwa faili moja! Kila Jumatano nililifungua lile lile, nikabadilisha namba, nikahifadhi, nikachapa. Jina la faili lingekuwa sawa kwenye karatasi zote tatu, na ubishi ungebaki pale pale. Kilichotofautiana ni saa ya kuhifadhi. Fildi yake inaitwa SAVEDATE. Bonyeza Ctrl na F9 upate mabano ya mawimbi (ukiyaandika mwenyewe kwa kibodi hayafanyi kazi), kisha ndani yake andika:

SAVEDATE \@ "dd/MM/yyyy HH:mm"

Bonyeza F9, imekwisha. Chunga M kubwa na m ndogo: kubwa ni mwezi, ndogo ni dakika. Mara ya kwanza niliweka ndogo zote, nikatoa ripoti ya chama yenye tarehe ya mwezi wa 47. Hakuna aliyeona isipokuwa mtoza ushuru wa chama, ambaye mpaka leo akinidai mchango huniambia nilipe kabla ya mwezi wa 47.

Kuna tarehe nyingine ambayo sitaki kuiona karibu na karatasi yoyote ya maana, ile inayotokea ukibonyeza Alt, Shift na D. Ni nyepesi, inakaa mara moja, na ni ya leo. Kesho itakuwa ya kesho. Mzee mmoja wa Bombo alikuja kwangu na mkataba wa kununua kibanja, nikamchapia mwezi Machi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akagonga muhuri. Agosti akarudi, nakala moja imelowa mvua, wakili anataka nyingine. Nikafungua, nikachapa. Akavaa miwani.

"Mwanangu, mbona huu unasema nimenunua leo?"

Nikatazama. Kweli, juu ya ukurasa ilikuwa tarehe ya asubuhi ile.

"Ni kosa langu, Hajji."

"Na hii mashine imesahau siku tuliyolipana?"

Haikusahau. Niliiambia ifuate kalenda, ikafuata. Tarehe ya makubaliano huandikwa kwa mkono na kuachwa hapo. Tarehe ya faili ndiyo ya kuachiwa fildi. Nilimchapia upya bure, na sikumdai hata ya karatasi.

Kuhusu njia nzima ya faili, yaani folda zote mpaka kufikia jina, ambayo Word huitoa ukichagua File Path, mimi naikataa kwa karatasi inayotoka nje. Ndani ya ofisi ni sawa. Lakini kwenye Windows njia hiyo mara nyingi hubeba jina la mwenye kompyuta, na majina ya folda yana mdomo. Sitaki mteja asome chini ya barua yake kwamba inakaa kwenye folda niliyoiita "Wasumbufu".

Tatizo moja dogo: ukihifadhi faili kwa jina jipya, kijachini kinaweza kuendelea kuonyesha la zamani. Ingia ndani yake, Ctrl na A, kisha F9, ndipo uchape. Na kwa barua yenye nembo, weka tiki kwenye Different First Page, ukurasa wa kwanza ubaki msafi.

Wapo wateja wanaosema mstari ule ni uchafu. Huwa naupunguza hadi fonti ya ukubwa wa 7, rangi ya kijivu, nao wananyamaza. Kadi za mwaliko siwekei, nina adabu zangu. Lakini tangu serikali ilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, naletewa zaidi karatasi za lugha mbili, kila lugha kwenye faili lake, na zile nazishikilia kabisa. Kiingereza kikirekebishwa na Kiswahili kisirekebishwe, saa ya kuhifadhi ndiyo itakayosema.

Mkutano wa Jumatano iliyofuata nilifika na bajeti mpya, mstari ukiwa chini. Jumatano ya baada yake nikaleta nyingine, na kabla ya kufungua kikao mwenyekiti akasema kila mtu asome cha chini. Tukaanza kusoma kwa zamu, kama watoto wa madrasa. Shangazi akaisogeza yake mbali na macho, akasoma, "Bajeti harusi, tarehe tisa, ishirini nukta mbili kumi na nne."

"Ya kwetu ni ya tarehe kumi na sita, Shangazi."

Akaigeuza, akaitazama tena, akaiviringisha kama faneli na kumiminia karanga zake ndani. Kisha akaninyooshea mkono nimpe nyingine.