Nembo Kwanza, Paa Baadaye

Serikali kuu ya India iliishikia bango serikali ya jimbo la Kerala: nyumba za maskini zilizojengwa kwa fedha za PMAY, mpango wa makazi wa nchi nzima, zibandikwe nembo ya mpango huo. Kerala ikagoma. Waziri Kiongozi wake wa wakati huo, Pinarayi Vijayan, alijibu kwamba nembo hiyo inamdhalilisha mwenye nyumba, inamtambulisha kwa kila mpita njia kuwa ni mtu wa kupewa. Basi tupige hesabu. Kerala ina mpango wake, LIFE, unaotoa rupia 400,000 kwa nyumba. Kwa nyumba ya kijijini, Delhi, yaani serikali kuu, inachangia 72,000. Asilimia 18. Ni kama mtu aliyeleta kilo mbili za mchele harusini, halafu anadai picha yake iwekwe juu ya keki.

Na si mara ya kwanza. Jimbo la Madhya Pradesh walifika mbali zaidi. Huko nyumba za mpango huo zilibandikwa vigae vyenye sura ya Waziri Mkuu Narendra Modi na ya Waziri Kiongozi wa wakati huo, Shivraj Singh Chouhan, mpaka mwaka 2018 Mahakama Kuu ya jimbo, ikiketi Gwalior, ikaamuru vibanduliwe. Chouhan huyo huyo, tangu Juni 2024, ndiye waziri wa maendeleo ya vijijini wa nchi nzima. Mnacheka? Mimi nilishamaliza kucheka.

Kinachonichoma hasa ni kwamba kelele zote hizi ni za kibao, wakati kiasi anachopewa mjenzi hakijagusika tangu mpango uanze Aprili 2016: rupia 120,000 kwa maeneo ya tambarare, 130,000 kwa milimani na maeneo magumu. Laki na elfu ishirini, kwa neno ambalo sisi na wao tunalitamka karibu sawa. Saruji imepanda, nondo zimepanda, fundi amepanda. Laki imekaa palepale.

Chukua nyumba ndogo kabisa inayoruhusiwa, mita za mraba 25 pamoja na jiko. Ifanye mraba, mita 5 kwa 5 ndani, ukuta mmoja wa kugawa katikati, kimo mita 3, ukuta wa inchi 9. Ukitoa milango na madirisha, kuta na msingi vinakula matofali ya kuchoma kama 9,000. Tuseme tofali ni rupia 7: hapo zimeondoka 63,000, zaidi ya nusu ya fedha yote, na bado hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Zege la paa lenye unene wa sentimita 11 ni mita za ujazo 3 na ushee. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, hiyo ni mifuko 26 na nondo karibu kilo 260. Ongeza saruji ya kujengea, ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ya plasta na ya sakafu, unafika mifuko 75 au zaidi. Kwa rupia 380 mfuko ni 28,500. Nondo zote, na za lenta zikiwemo, kilo 320 kwa rupia 60 ni 19,200. Jumla 110,700. Zimebaki 9,300 za mchanga, kokoto, fundi, kukodi mbao na mirunda ya paa, milango, madirisha, na nauli ya trekta. Mchanga peke yake utazimaliza.

Watetezi wa mpango watasema kuna nyongeza. Kweli, zipo. Kuna siku 90 za ujira kutoka mpango wa ajira za vijijini, siku 95 kwa milimani. Kwa kiwango cha jimbo la Bihar cha mwaka 2024/25, rupia 245 kwa siku, hiyo ni 22,050. Lakini huo ni ujira wa kibarua, wa kuchimba msingi na kubeba matofali. Fundi halipwi humo, na fundi ndiye ghali. Kuna 12,000 za choo, na choo cha mashimo mawili nacho kina matofali yake. Kuna mkopo wa benki wa hadi 70,000, kwa mtu ambaye sababu ya kuwemo kwenye orodha ni kwamba hana kitu. Haya.

Lakini hata laki ingepandishwa kesho, tatizo kubwa lingebaki, na ndilo sioni likisemwa. Fedha inafuata picha. Mpango haulipi kazi itakayofanyika, unalipa kazi iliyokwisha kuonekana. Ofisa anakuja na simu, anafungua programu ya AwaasApp, anapiga picha yenye alama ya mahali, picha inaingia kwenye mfumo wa AwaasSoft, ndipo awamu inayofuata inaruhusiwa kuingia benki. Picha ya kiwanja kitupu na nyumba ya zamani, picha ya msingi, picha ya lenta, picha ya paa.

Sasa angalia Bihar, ambako laki na ishirini inakatwa vipande vitatu sawa vya 40,000. Kipande cha kwanza kinafikisha msingi hadi jamvi, yaani usawa wa sakafu, hapo sina neno. Kipande cha pili kinakuja jamvi likishapigwa picha, na kazi iliyo mbele ni kuta. Kuta zile zinataka matofali kama 7,000, yaani 49,000. Kipande cha pili hakimalizi hata kununua matofali ya kuta! Kwa hiyo mama mwenye nyumba anafanya nini? Anakopa. Tofali kwa mkopo kwenye tanuru, saruji kwa mkopo dukani kwa bei ya mkopo ambayo si ile iliyoandikwa ubaoni, na taslimu kwa mkopeshaji wa kijiji. Kipande cha tatu kikija, hakiji kujenga paa. Kinakuja kulipa madeni ya kuta. Ndiyo maana ukipita vijijini unaona nyumba baada ya nyumba imesimama usawa wa lenta, nondo zimechomoza pembeni zimeshika kutu, ndani mbuzi.

Uttar Pradesh, na mimi si mtu wa kuisifu Uttar Pradesh hovyo, waliligawa vizuri zaidi: 40,000 mwanzo, 70,000 jamvi likifika, 10,000 mwisho. Laki na elfu kumi iko mkononi mwa mjenzi kabla ya kuta kukamilika. Laki ni ile ile, na mpango ni ule ule. Tofauti ni tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo inaamua kama mtu atalipa riba au hatalipa. Hakuna bajeti mpya inayohitajika kulirekebisha hili. Ni kalamu tu.

Halafu kuna kalenda, ambayo inaonekana hakuna mtu ofisini anayeitundika. Matanuru ya matofali ya Bihar na Uttar Pradesh hufanya kazi kiangazi, na mvua za masika zikianza Juni yanazimwa kwa sababu tofali bichi halikauki. Bihar yenyewe huzuia uchimbaji wa mchanga mitoni kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Kwa hiyo awamu inayoingia benki Julai ni fedha isiyo na cha kununua. Tofali lililobaki limepanda bei, mchanga ni wa magendo au haupo, na mwezi huo huo kuna mbegu, mbolea, na mtoto ana homa. Fedha inayeyuka. Oktoba ikifika, mtu anaandikwa kwenye jedwali kuwa "mzembe".

Na alikaa wapi muda huo wote? Wengi hawana kiwanja cha pili. Kujenga maana yake ni kubomoa kwanza nyumba ya udongo iliyokuwa ikiwasitiri, kwa sababu mpya inakaa palepale. Nyumba ikiganda kwenye lenta, familia inapitisha masika chini ya turubai la nailoni lililofungwa kwenye kuta zisizo na paa. Mpango wa makazi unaweza kumwacha mtu bila makazi kwa mwaka mzima, na kwenye mfumo nyumba yake inasomeka "inaendelea".

Wanaofika kwenye paa bila fedha nao wana balaa lao. Paa la zege humwagwa siku moja, huwezi kumwaga nusu leo nusu wiki ijayo ukasema utaunga. Siku hiyo unatakiwa uwe na kila kitu: mifuko yote, mashine ya kuchanganyia, vibarua kumi na kitu, mbao na mirunda vya kukodi kwa siku. Anayebana, anabana hapa. Nondo za kupangwa kila inchi 6 zinapangwa kila inchi 8 au 9. Vibao vya zege vya kunyanyulia nondo havikuwekwa, kwa hiyo nondo zimelala juu ya mbao na hazina hata sentimita mbili za zege chini yake. Maji yanaongezwa ili zege litiririke na vibarua wamalize mapema. Mirunda inatakiwa ikae siku 7 angalau kwa chumba cha upana huo, inang'olewa ya nne kwa sababu kodi inahesabiwa kwa siku. Kumwagilia kunakoma siku mtu aliporudi kutafuta kibarua. Masika mawili tu, dari linaanza kutoa michirizi ya kahawia, kisha zege linabanduka kama ngozi ya vitumbua. Picha ya paa ilishapigwa lakini. Ilitoka nzuri.

Kuna njia za kupunguza gharama, na India inazijua kuliko wengi. Laurie Baker, msanifu mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kufanya kazi Kerala hadi alipofariki 2007, alijenga kwa miaka mingi kwa matofali yaliyosimamishwa ubavu na kuacha uwazi katikati ya ukuta, ukuta wa inchi 9 ule ule kwa robo pungufu ya matofali. Kwenye hesabu yetu ya juu, hayo ni matofali elfu moja na zaidi ya kuta tu. Paa lake aliliwekea vigae vya udongo ndani ya zege, upande wa chini ambako zege halifanyi kazi kubwa. Wizara ya maendeleo ya vijijini yenyewe ina kitabu kizima cha ramani za nyumba za kila eneo, kimeitwa PAHAL, chenye mianzi, mawe na udongo ulioimarishwa. Ina pia mafunzo ya mafundi ya siku 45, yanayofanyika kwenye nyumba halisi. Ni kazi nzuri, nakiri. Ila mwenye nyumba anataka zege, na namwelewa: paa la zege ndilo la kuanikia nafaka, la kulalia usiku wa joto, na la kujengea ghorofa mwanae akipata kazi.

Najua jibu la maofisa: ukimlipa mtu kabla ya kazi, atakula. Atamwozesha binti. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Lakini Bihar tayari ina dawa ya hao. Asiyejenga hupewa notisi nyeupe, akikaidi hupewa notisi nyekundu, akiendelea hufunguliwa kesi ya kurejesha fedha. Mnayo rungu ya rangi mbili na bado mnaogopa kulipa mbele? Mikataba mikubwa ya serikali mara nyingi huwa na malipo ya awali kwa mkandarasi. Mkandarasi anaaminiwa, mjane mwenye mita za mraba 25 anasubiri mpiga picha. Na anayeshika simu ya picha ndiye anayeshika fedha. Bahasha haikufa, imehamia kwenye kamera.

Nikiri na hili, ingawa shingo upande. Kulipa moja kwa moja kwenye akaunti kuliua ulaji mwingi wa enzi za Indira Awaas, mpango uliotangulia, na kupiga marufuku wakandarasi kulikuwa uamuzi sahihi. Nyumba zaidi ya milioni 26 zimekamilika. Si kidogo. Wala sitaki kuanza habari ya asiye na kiwanja, ambaye anaambiwa jimbo litampatia ardhi, anakufa akisubiri. Au vigezo vya kumtoa mtu orodhani, ambavyo kwa miaka mingi viliigeuza pikipiki kuukuu kuwa ushahidi wa utajiri, hadi vilipolegezwa 2024. Au mabomba ya Jal Jeevan, mpango wa maji vijijini, lita 55 kwa mtu kwa siku, mazuri sana hadi kisima kikauke Machi. Kila moja lina siku yake.

Nembo nayo, kama lazima iwepo, tufanye haki. Delhi imelipia asilimia 18 ya ile nyumba ya Kerala. Ukuta una kimo cha mita 3. Ibandikwe sentimita 54 kutoka sakafuni, isivuke hapo, pale mbuzi wanapojikunia.