Reli ya Bububu niliikumbuka kwenye bustani ya Waingereza

Mimi mtu wa Zanzibar, naishi Uingereza mwaka wa kumi na moja huu. Jumamosi iliyopita nilimchukua binti yangu wa miaka minane tukaenda kutazama maonyesho ya reli za bustani, yaani magari ya moshi madogo ya mfano yanayozungushwa bustanini. Nilidhani ni mambo ya watoto. Kumbe wenyewe ni wazee wastaafu.

Reli zao zina upana wa milimita 45, nyengine 32, zinapita baina ya maua na juu ya vidaraja vya mawe. Kuna vigari vya umeme, lakini vilivyonishika ni vile vya mvuke wa kweli. Mzee mmoja alimpa binti yangu bomba la sindano atie maji kwenye boila. Yeye akatia mafuta, akajaza gesi, akawasha. Wakachutama wote wawili wakingoja mshale wa kipimo cha mvuke upande juu. Dakika kadhaa nzima, na mtoto hakuuliza simu! Kigari kilipoondoka na moshi wake, akanigeukia: "Baba, na kwetu lipo?"

Nikamwambia lilikuwepo. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitandika reli kutoka mjini hadi Chukwani mwaka 1879, mwanzo ikivutwa na nyumbu, halafu ikaletwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Baadaye kampuni ya Kimarekani ikajenga ile ya Bububu, maili saba hivi kuanzia Ngome Kongwe, ikaanza kazi 1905. Miaka ya 1920 ikaacha kuchukua abiria. Mimi nimepanda daladala ya Bububu utoto wangu wote, wala skuli sikufundishwa habari hizo. Nimezijua nikiwa ugenini, na hilo linaniuma.

Wenzangu huku husema Wazungu wanaweza haya kwa sababu ya pesa. Sikubali. Mzee yule injini yake kaichonga mwenyewe kwa tupa, miaka mitatu, kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Sisi mikono hatuna? Nani kati yetu hakuunda gari kwa kopo la maziwa na magurudumu ya kandambili? Tofauti ni kwamba kwetu ukishabaleghe unaambiwa acha mchezo, na ufundi ule unakufa papo hapo. Huku mtu wa miaka sabini anapiga magoti kwenye majani amuoneshe mtoto wa mwenziwe, asiyemjua hata jina.

Lakini wazee hawa wakitoka hapo, wengi wanarudi kwenye nyumba wanazoishi peke yao. Wetu wapo barazani kila jioni, na watoto wanapita mbele yao. Sioni kinachozuia gari la moshi la Bububu, dogo la kutosha kukaa juu ya meza, lizunguke pale Forodhani watoto wakilikimbilia.

Nimempigia ami yangu, fundi bati. Nimemuuliza kama anaweza kunitengenezea behewa la debe. Akasema, "Nitumie vipimo, mwanangu."

Nimeshamtumia: upana wa reli, milimita 45.