Si kila ugumu wa wodini unamjenga daktari

Kila linapoibuka suala la msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wakongwe wana jibu moja: na sisi tulipita humo humo. Jibu hilo lisipuuzwe. Mama mwenye kifafa cha mimba akiletwa usiku wa manane, hakuna muda wa kufungua kitabu kutafuta dozi ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Asiyeijua ataua. Kwa hiyo mtihani lazima uwe mgumu, zamu za usiku lazima zizoeleke, na anayetaka kozi isiyochosha amekosea njia.

Lakini hoja hiyo inabeba mambo mawili kwa mkupuo. Upo ugumu unaotoka kwa mgonjwa, na upo tunaouongeza sisi wenyewe. Chukua raundi ya asubuhi. Mwanafunzi anaprezenti kesi, anaulizwa majibu ya figo ya jana, anasahau. Kumwambia akayatafute na arudi nayo ni mafunzo. Kumwita mjinga mbele ya mgonjwa, ndugu wa mgonjwa na wenzake kunamfundisha jambo jingine kabisa: kesho asipojua, abahatishe namba kuliko kusema sijui. Hapo anayeumia ni mgonjwa, na sioni mkongwe anayeweza kulitetea hilo.

Mwaka 2016 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi: takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na dalili za sonona. Ni kweli kwamba tafiti nyingi za aina hii hutumia dodoso, na dodoso si sawa na kupimwa na daktari. Kinachonitisha zaidi ni takwimu nyingine ya humo humo: kati ya waliobainika kuwa na dalili, takriban 16 tu katika kila 100 walitafuta matibabu. Watu wanaosomea tiba!

Sababu hazijifichi. Vyuoni kwetu neno "sapu", yaani mtihani wa marudio, linatosha kumkosesha mtu usingizi, na "kudisko", yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, linatajwa kwa sauti ya chini. Mwanafunzi akitaka kusema amezidiwa, mara nyingi anayepaswa kumweleza ni mwalimu yuleyule atakayempa alama. Nani atakwenda? Basi wanajitibu wenyewe: diskasheni hadi usiku, maombi, mpira, simu kwa mama nyumbani. Njia hizo zinasaidia, diskasheni hasa, kwa sababu mtu anagundua hayuko peke yake. Wengine hujificha kwenye pombe au huacha kwenda wodini kimyakimya. Tukiwapa semina ya kudhibiti msongo huku bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa na hawajala, tunawasukumia mzigo ambao si wao.

Wapo wanaohofia kwamba ukilegeza kidogo, viwango vitashuka. Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kiliacha kupanga wanafunzi kwa madaraja katika miaka ya mwanzo ya udaktari na kubaki na kufaulu au kufeli tu. Wanafunzi walipata nafuu, na alama zao za mtihani wa taifa hazikushuka kwa kiasi cha maana. Chuo kimoja hakifungi mjadala, na mazingira yao si yetu, ila hofu hiyo sasa inadai ushahidi.

Mahali ninapoona pengo kubwa kuliko yote ni kifo cha kwanza. Mwanafunzi wa uuguzi anasaidia kumwandaa marehemu, anamfunika shuka, kisha anaosha mikono na kwenda kugawa dawa za saa sita kitanda kinachofuata. Ugumu huu hauondoleki. Lakini inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anaweza kumkalisha dakika kumi kabla zamu haijaisha, amuulize ameonaje, amweleze nini kilishindikana na nini kisingewezekana hata kwa daktari bingwa. Haihitaji bajeti, haipunguzi somo hata moja, na inaweza kuanza na zamu ya leo.